Namna ya kumgusa muogeleaji asiyeona kabla hajafika ukutani

Binti ninayemfundisha kuogelea hapa Dar es Salaam haoni kabisa, na kinachompunguzia kasi si mikono wala pumzi, ni ukuta. Asiyejua ukuta uko wapi huanza kuutafuta kwa vidole mapema, na hapo mbio zimeshaharibika. Dawa yake ni mtu mwenye fimbo, anayesimama ukingoni na kumgusa akikaribia ukuta.

Fimbo tunatengeneza wenyewe. Chukua mwanzi mkavu, mwepesi, wenye urefu wa mtu mzima. Toboa mpira wa tenisi, uchomeke kwenye ncha, kisha ufunge kwa gundi na utepe mpaka ukiuvuta usitoke. Sponji siipendi: ikinywa maji inakuwa nzito, na mguso unageuka pigo.

Ugumu uko kwenye wakati wa kugusa. Usitazame ukuta, tazama mikono yake. Kwenye mtindo huru tunamgusa kichwani akiwa amebakiza kurusha mkono mara mbili, mara ya kuvuta na mara ya kushika ukuta. Ukichelewa anaumia vidole. Ukiwahi anajinyoosha na kuelea huku wenzake wanampita. Kwenye mtindo wa chura na wa kipepeo ukuta hushikwa kwa mikono yote miwili pamoja, kwa hiyo mguso umjulishe kwamba mvuto unaofuata ndio wa mwisho. Gusa palepale, kwa nguvu ileile, na mgusaji asibadilishwe ovyo. Upande wa pili wa bwawa letu anasimama dada yake mkubwa. Yeye mwenyewe hajui kuogelea, lakini utaona midomo yake ikihesabu kila mkono wa mdogo wake.

Kwenye Paralimpiki, michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu, daraja la S11 la wasioona, mgusaji ni lazima. Waogeleaji wa daraja hilo huvaa miwani iliyotiwa weusi, ili anayeona mwanga kidogo asiwazidi wenzake. Brad Snyder, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, alipofushwa na bomu Afghanistan tarehe 7 Septemba 2011. Tarehe hiyohiyo mwaka 2012 alitwaa dhahabu ya mita 400 London. Katika bwawa la mita 50, hizo ni mara 7 za kugeuka, kila moja ikitegemea fimbo. Nilipomsimulia binti, hakuuliza habari za medali. Aliuliza nani alikuwa ameshika fimbo.

Akishashika ukuta wa mwisho, inama umwambie muda wake na nafasi aliyopata kabla hajauliza. Wenzake wanasoma ubaoni. Yeye anakusubiri wewe.