Somo: Kupima majani ya mpera dhidi ya bakteria na fangasi

Nimechagua mpera kwa sababu majani yake huchemshwa mitaani kwa ajili ya kuharisha, na hayaadimiki. Fanyeni kazi hii ndani ya maabara yenye msimamizi. Vimelea hivi si vya kuoteshwa jikoni.

1. Kabla ya kusaga, peleka tawi hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) likathibitishwe jina. Kwa mpera utaona usumbufu, lakini kwenye jamii ya mvumbasi ndiko watu hupotea. Anika majani kivulini hadi yavunjike mkononi, kisha saga.

2. Loweka gramu 50 za unga katika mililita 500 za ethanoli kwa saa 72, ukitikisa mara kwa mara. Chuja, kisha fukuza ethanoli kwa nyuzi 40. Iishe kabisa! Ikibaki, yenyewe huua bakteria, na sifa zote utampa mpera.

3. Yeyusha ekstrakti (masalio yaliyobaki baada ya ethanoli kuisha) kwa DMSO kidogo, kiyeyushi cha maabara, ongeza maji yaliyotakaswa hadi upate miligramu 100 kwa mililita. DMSO isizidi asilimia 10.

4. Tumia agari (jeli ya kuoteshea vimelea) ya Mueller-Hinton kwa bakteria Staphylococcus aureus na E. coli, ya Sabouraud kwa fangasi Candida albicans. Mimina unene wa milimita 4. Agari nyembamba hupanua duara, yaani eneo tupu kuzunguka tobo la dawa ambako vimelea havikuota.

5. Koroga koloni changa katika maji ya chumvi yaliyotakaswa hadi ukungu ulingane na McFarland 0.5 (kipimo sanifu cha ukungu), kwa bakteria ni kama milioni 150 kwa mililita. Paka sahani nzima kwa kijiti cha pamba, toboa matobo ya milimita 6, tia mikrolita 50. Kila sahani iwe na tobo la DMSO bila ekstrakti, na jingine la dawa inayojulikana: gentamisini kwa bakteria, flukonazoli kwa Candida. Bila kontroli hizi mbili, duara lako halisemi lolote.

6. Inkubeta nyuzi 37, saa 18 hadi 24. Candida huweza kuhitaji 48. Pima kipenyo pamoja na tobo. Rudia mara tatu.

MASWALI

— Mwalimu, S. aureus imetoa duara zuri, E. coli hakuna kitu. Nimekosea wapi?

Huenda hukukosea. E. coli ni Gram hasi, yaani ya kundi la bakteria lenye utando wa nje unaozuia mengi kupenya. Tazama gentamisini: ikiwa duara lake ni la kawaida, sahani ni nzima. Andika hakuna duara, usilifiche.

— Kaka, mafuta ya mvumbasi yamepata duara kubwa kuliko mpera. Niseme yana nguvu zaidi?

Usiseme. Tanini za mpera ni molekuli kubwa, husambaa polepole kwenye agari. Mafuta ya mvumbasi huenea hata kwa mvuke. Washindanishe kwa MIC, yaani kiwango kidogo kabisa kinachozuia vimelea kuota: punguza nusu kwa nusu kwenye sahani ya visima 96, kisha tia resazurini, rangi ya bluu. Penye uhai hugeuka pinki, palipozuiwa hubaki bluu. Weka pia visima vya ekstrakti bila vimelea, maana rangi ya majani hudanganya macho.

— Kwa hiyo nimwambie bibi aendelee kunywa?

Kipimo hiki hakijibu hilo. Kwenye sahani hata jiki hutoa duara. Bado hujapima sumu yake kwa seli za binadamu.

— Sahani zilizotumika je?

Otoklevu (mashine ya kuua vimelea kwa mvuke wenye shinikizo) kwanza, nyuzi 121, angalau dakika 30. Ndipo zitupwe.