Kupima mpaka kati ya utando wa YBCO na elektrodi yake

Jozi za elektroni zinazobeba mkondo katika YBCO, superkondakta (kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani kikipozwa) ya yitriamu, bariamu, shaba na oksijeni, ni ndogo mno: takriban nanomita 1.5 ndani ya matabaka ya shaba na oksijeni, na kama 0.3 tu kuelekea juu. Tabaka chafu la nanomita moja linatosha kuzizuia zisifike kwenye elektrodi. Ndiyo maana uso hupimwa peke yake.

1. Linda uso. Unyevu na kaboni dioksidi huila YBCO na kuacha bariamu kabonati, isiyopitisha umeme. Shika kipande pembeni kwa kibano, kihifadhi pakavu. Maji, kamwe.

2. Weka elektrodi. Vukizia dhahabu au fedha kupitia kiolezo chenye matundu manne kwenye mstari, mapema uwezavyo. Kisha pasha moto ndani ya oksijeni, nyuzi 450 hivi za Selsiasi. Usithubutu kufanya hivyo kwenye ombwe: oksijeni itatoka na utando utaanza kugeuka kihami.

3. Unganisha nyaya. Mkondo uingie elektrodi ya 1 na kutokea ya 4. Volteji isomwe kati ya 2 na 3. Elektrodi ya 1 iongezewe waya wa pili.

4. Poza kwa nitrojeni ya kimiminika hadi kelvini 77, taratibu, kipimajoto kikigusa bamba lilelile linaloshika kipande. Kwenye 90 hivi volteji ianguke hadi sifuri. Ikianguka kwa ngazi mbili, shuku sehemu zenye upungufu wa oksijeni.

5. Sasa pima mpaka. Hamishia voltimita kwenye ule waya wa pili na elektrodi ya 2. Utando hauna tena ukinzani, hivyo karibu chote unachosoma ni cha mpaka wa elektrodi ya 1. Geuza mwelekeo wa mkondo, toa somo moja kwa jingine, gawa kwa mbili. Volteji za tofauti ya joto zitajifuta.

Tuseme mikroampia 100 zinakupa milivolti 0.2: ni omu 2. Elektrodi ya milimita 0.5 kwa 0.5 ina eneo la sentimita mraba 0.0025, basi zidisha: omu-sentimita mraba 0.005. Huo ni mpaka mbovu; mzuri hushuka chini ya 0.000001, na kwa mkondo huohuo utahitaji kifaa kinachosoma nanovolti.

Ukiwa na heliamu ya kimiminika, endelea kushuka chini ya kelvini 77. Ukinzani wa mpaka ukipanda kadiri baridi inavyozidi, kuna kihami katikati na elektroni zinakipenya kwa shida. Chubua uso kidogo kwa ioni za agoni, kisha rudia hatua ya 2.