Katheta ya mshipa mkubwa ICU: hatua za kuzuia maambukizi ya damu

Katheta hii ni mrija mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa wa damu wa mgonjwa aliye ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi. Bakteria wana milango miwili mikuu ya kuingilia: ngozi ilipotobolewa, na viunganishi, yaani vichwa vya mrija tunavyovishika kila tunapotoa dawa. Siku ya kuweka katheta kila mtu huwa makini. Uzembe huanza siku zinazofuata, ndiyo maana hatua za mwanzo nazipitia haraka.

Hatua ya 1: Mahali. Kwa mtu mzima, kinena kiwe chaguo la mwisho. Chini ya mtulinga maambukizi ni machache zaidi, ila kuna hatari ya kutoboa pafu. Mgonjwa wa figo wa dialisisi (anayesafishwa damu kwa mashine) msiweke hapo. Mshipa unaweza kusinyaa.

Hatua ya 2: Kuweka. Vifaa vyote viwe tayari kwenye toroli moja. Anayeweka anawe mikono, avae kofia, barakoa, gauni tasa na glavu tasa. Mgonjwa afunikwe shuka tasa mwili mzima, si kile kitambaa kidogo chenye tundu. Muuguzi asimame na orodha mkononi, na awe na ruhusa ya kusema, "Daktari, tusimame kwanza." Bila ruhusa hiyo orodha ni karatasi tu. Utafiti wa ICU za jimbo la Michigan, Marekani, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kuwa baada ya kufuata hatua kama hizi, kiwango cha kati cha maambukizi kilishuka kutoka 2.7 kwa kila siku 1,000 za katheta (jumla ya siku ambazo wagonjwa walikuwa na katheta) hadi 0 ndani ya miezi mitatu. Hakukuwa na dawa mpya pale.

Hatua ya 3: Ngozi. Sugua kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) yenye spiriti, kisha subiri ikauke yenyewe. Usipepee wala usipanguse.

Hatua ya 4: Bandeji. Ile angavu hubadilishwa kila baada ya siku 7, ya gozi kila baada ya siku 2. Ikilowa, ikichafuka au ikibanduka, badilisha saa hiyo hiyo, hata kama zamu inakaribia kuisha.

Hatua ya 5: Viunganishi. Hapa ndipo kazi ilipo. Nawa mikono, kisha sugua kiunganishi kwa spiriti au klorheksidini yenye spiriti, juu na pembeni, kwa nguvu, angalau sekunde 15. Kiache kikauke ndipo uunge sindano. Rudia kila unapokifungua: dawa tatu mfululizo, kusugua mara tatu. Kupitisha pamba juu juu si kusugua. Punguza pia idadi ya kufungua. Vipimo vya damu vya asubuhi vichukuliwe kwa mara moja.

Hatua ya 6: Mirija. Ya dripu za kawaida isibadilishwe kabla ya saa 96, wala isizidi siku 7. Iliyopitisha damu au lishe ya mafuta ya mshipani, ibadilishwe ndani ya saa 24. Ya propofoli (dawa ya usingizi), kila saa 6 hadi 12.

Hatua ya 7: Swali la kila siku. Kwenye raundi, uliza kwa sauti: katheta hii inapitisha nini leo? Kama jibu ni "tuiache tu, huenda ikahitajika," itoke. Lakini usiibadilishe kwa kufuata kalenda; hilo halizuii maambukizi. Iliyowekwa kwa dharura bila usafi kamili ibadilishwe ndani ya saa 48.

Homa ikipanda bila chanzo kinachoeleweka, chukua damu ya kuotesha (kipimo cha maabara cha kuona kama kuna bakteria) kabla ya antibiotiki: chupa kutoka kwenye katheta na nyingine kutoka mshipa wa mkononi, kwa wakati mmoja na ujazo sawa, kila moja ikiandikwa ilikotoka. Ya katheta ikiotesha bakteria walewale saa 2 au zaidi kabla ya ile nyingine, katheta ndiyo mshukiwa.