Kuchora barabara ukiwa dirishani kwa mtindo wa Camille Pissarro, hatua kwa hatua

Picha yangu ya kwanza ya barabara iliharibiwa na ghorofa moja. Nilikuwa nimekaa kwenye dirisha la ghorofa ya tatu, Kariakoo, nikaanza na jengo la mkono wa kulia: dirisha baada ya dirisha, nondo baada ya nondo, hadi nguo zilizoanikwa kwenye vibaraza. Jengo likapendeza kweli. Nilipogeukia barabara, vile vivuli virefu vya asubuhi vilikuwa vimeshajikunja chini ya magari. Nikabaki na jengo la saa mbili asubuhi lililosimama kwenye barabara ya saa tano.

Dawa ya kosa hilo niliipata kwa mchoraji Camille Pissarro. Huyu si Mfaransa wa kuzaliwa. Alizaliwa mwaka 1830 mjini Charlotte Amalie, kisiwa cha St. Thomas huko Karibi, ambacho wakati huo kilikuwa koloni la Denmark. Familia yake ilikuwa ya Wayahudi wafanyabiashara, naye alikulia bandarini, kwenye minazi na jua kali, hadi alipohamia Ufaransa mwaka 1855. Wachoraji wa Impreshonisti, kundi lililofukuza mwanga na hewa ya papo hapo, walifanya maonyesho yao ya pamoja mara nane, kuanzia 1874 hadi 1886, na ni yeye peke yake aliyeshiriki yote. Wachoraji Cézanne na Gauguin walijifunza mengi kwake.

Sehemu kubwa ya maisha yake alichora nje: mashamba, njia za vijijini, wanawake wanaovuna. Uzeeni jicho likaanza kumsumbua. Mfuko wa machozi ulikuwa ukipata uambukizo kila mara, na upepo na vumbi vilizidisha maumivu. Ndipo akaanza kupanga vyumba vya hoteli na kuchora kupitia dirishani. Mnamo Februari 1897, akiwa na miaka 66, alichukua chumba Grand Hôtel de Russie mjini Paris, na hadi Aprili alikuwa amechora Boulevard Montmartre mara 14: asubuhi ya baridi, mchana wa jua, ukungu, mvua, msafara wa sikukuu na usiku. Barabara ni ileile, anachokifukuza ni hewa. Hatua zilizo hapa chini nimezitoa kwenye picha hizo, nikazirekebisha kidogo kwa ajili ya jua letu.

Hatua ya 1: Dirisha

Tafuta dirisha la ghorofa ya pili hadi ya nne. Chini ya hapo utaona vichwa na mapaa ya magari tu, na juu zaidi watu wanakuwa sisimizi. Usiikabili barabara moja kwa moja kama unayeangalia ukuta. Kaa mahali ambapo unaiona ikikimbia kutoka kwako, pana chini, nyembamba mbali. Angalia jua lisipige ubao wako, maana rangi iliyopakwa juani ukiiingiza ndani inakuwa tope. Piga chaki sakafuni miguu ya kiti inapokaa. Ukisogea hata hatua moja, pembe zote zinabadilika, na kesho utashindwa kuendelea.

Hatua ya 2: Ubao

Picha nyingi za Boulevard Montmartre zina kama sentimita 65 kwa 81. Wewe anza na 30 kwa 40, kwa sababu ni lazima uufunike ubao wote ndani ya saa moja. Hadibodi ya dukani inatosha. Isugue kwa msasa, paka jeso (rangi nyeupe ya msingi) mikono miwili, na ule wa mwisho utie tone la kijivu. Wachoraji wa zamani walianzia kwenye msingi wa kahawia iliyokolea, kisha wakapandisha mwanga polepole. Pissarro na wenzake walipendelea msingi mweupe au wa rangi hafifu, mwanga ukawa unatokea chini tangu mwanzo.

Hatua ya 3: Rangi sita, bila nyeusi

Alipokuwa akimwelekeza mchoraji kijana miaka hiyo ya 1890, Pissarro alikuwa na paleti (kibao cha kuchanganyia rangi) yenye rangi sita tu: nyeupe, manjano, kijani, buluu, nyekundu ya vamilioni na nyekundu nzito inayoelekea damu ya mzee. Nyeusi haimo. Udongo na kahawia havimo.

Usitafute rangi zilezile za wakati wake. Nyeupe yake ilikuwa na risasi na vamilioni ina zebaki. Kwa rangi za mafuta, chukua nyeupe ya titani, manjano ya kadimiamu au mbadala wake wa bei nafuu, na nyekundu mbili za kisasa, moja ya moto na moja ya baridi. Zipange pembezoni mwa paleti, ubaki na katikati pa kuchanganyia. Kuna picha yake moja ya kufurahisha, alichora mandhari ya shamba juu ya paleti yenyewe, na marundo ya rangi alizotumia bado yako ukingoni.

Ukihitaji weusi, changanya buluu na damu ya mzee, ongeza kijani kidogo. Ukihitaji kahawia, changanya rangi ya chungwa na buluu. Siku za kwanza utakasirika. Vumilia.

Hatua ya 4: Mistari mitano

Chovya brashi kwenye buluu iliyolainishwa kwa tapentaini. Penseli iache, itakushawishi uchore madirisha. Weka mstari wa kingo mbili za barabara, mstari wa mapaa kila upande, na mmoja wa mahali mbingu inapoanzia. Basi. Finya macho hadi uone mabonge tu, sio vitu.

Hatua ya 5: Paka pote kwa pamoja

Hapa ndipo penye somo lenyewe, na ndipo wengi wanapoasi. Pissarro alimkanya yule kijana asichore kipande kwa kipande. Mbingu, majengo, miti na ardhi vyote vishughulikiwe wakati mmoja, kila kimoja kikirekebishwa kwa kulinganishwa na kingine, hadi ubao wote uwe umefunikwa mara ya kwanza.

Kwa vitendo ni hivi. Changanya rangi ya mbingu, weka mipigo minne mitano juu. Kabla hujaosha brashi, jiulize rangi hiyo iko wapi tena. Mara nyingi iko kwenye lami iliyolowa, kwenye bati na kwenye vioo vya magari. Iweke huko pia. Kisha changanya rangi ya ukuta unaopigwa na jua, uweke kulia, halafu utafute ndugu yake kushoto. Zunguka ubao hivyo. Usipake sehemu moja kwa zaidi ya dakika mbili. Tumia brashi bapa, pana kuliko unavyodhani inafaa, na kila mpigo ukishauweka uuache. Ukiurudia mara tatu unaua rangi ya chini na ya juu.

Aliyezoea Tingatinga atapata shida hapa, mimi nilipata. Kule unatandika rangi moja ya nyuma, ikikauka unaleta mnyama juu yake kwa mstari safi. Huku hakuna mstari, hakuna nyuma wala mbele, na kila kitu kinapakwa kikiwa kibichi juu ya kibichi.

Msianze na vidoti pia, vijana. Pissarro mwenyewe, baada ya kukutana na wachoraji wa nukta Seurat na Signac mwaka 1885, alichora kwa nukta kwa miaka kadhaa, kisha akaachana nazo. Zilikuwa zinamchelewesha mno, na anachokiona kilikuwa kinapoa kabla nukta hazijaisha.

Hatua ya 6: Vivuli

Kivuli kina rangi, na rangi hiyo hutegemea mwanga. Jua likiwa la manjano, kivuli kinaelekea zambarau, likiwa na wekundu, kinaelekea kijani au buluu. Paka rangi hiyo iliyochanganywa na rangi ya kitu chenyewe, usipake buluu tupu.

Kuna tofauti moja ambayo vitabu vya Ulaya havikuambii. Paris katikati ya Februari jua la adhuhuri linapanda kama theluthi moja tu ya njia kutoka upeo hadi utosini. Pissarro alikuwa na mwanga wa ubavuni karibu siku nzima. Kwetu saa sita jua liko kichwani, vivuli vinatoweka, na kila kitu kinakuwa bapa kama chapati. Kwa hiyo chora kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni, na ujue kwamba jioni yetu haisubiri. Ikifika saa kumi na mbili na nusu umebaki na taa za bodaboda.

Hatua ya 7: Watu

Waweke mwisho, haraka, kwa ncha ya brashi. Mpigo mmoja wa mwili, nukta ya kichwa, mkwaruzo wa kivuli miguuni. Angalia wanavyokusanyika: mbele wanatengana, mbali wanakuwa wingu moja lenye kutetemeka. Kama mtu mmoja anatambulika kwa sura, umemzidishia.

Wakikucheka, hujaanza wewe. Kwenye maonyesho ya 1874, mhakiki Louis Leroy aliitazama picha ya Pissarro ya shamba lenye sakitu (umande ulioganda) akaiita makwangulio ya paleti yaliyotandazwa juu ya kitambaa kichafu. Leo picha hiyo iko kwenye makumbusho ya Musée d'Orsay, Paris.

Hatua ya 8: Acha, chukua ubao mwingine

Saa na nusu ikipita, simamisha brashi hata kama hujaridhika. Mwanga umeshahama, na ukiendelea utakuwa unachora kwa kumbukumbu huku unajidanganya kuwa unaangalia. Geuza ubao ukutani, toa mwingine uliouandaa, anza picha ya saa hii mpya. Kesho kukiwa na anga ya namna ileile, unarudi kwenye ule wa kwanza kwa nusu saa: unarekebisha ukingo unaokata sana, unaongeza rangi nzito mahali jua linapopiga hasa.

Nyingine zitakushinda. Katika zile 14, picha ya usiku, taa zikiakisi kwenye barabara iliyolowa, Pissarro hakuitia sahihi wala hakuionyesha hadharani maisha yake yote. Sasa iko kwenye makumbusho ya National Gallery, London. Kwa hiyo usiikwangue ile isiyokuridhisha. Andika nyuma yake tarehe, saa na hali ya hewa, iegemeze mahali pakavu pasipo vumbi, na uoshe brashi kabla rangi haijakaukia kwenye shingo ya bati.