Jinsi ya kupunguza foleni ya kituo cha afya bila kumkimbiza muuguzi

Mgonjwa aliyeteremka Moshi mjini na Hiace ya alfajiri kutoka Kibosho anaweza kukaa kituoni kwa muda wa saa nne, wakati huduma zote alizopewa hazifiki nusu saa. Muda uliobaki kaumaliza kwenye benchi. Kumhimiza daktari aharakishe hakuondoi benchi hilo, kunaongeza makosa tu. Taiichi Ohno wa Toyota alitaja aina saba za upotevu kiwandani, kungoja ikiwa mojawapo, na kituoni kungoja hujificha kati ya chumba na chumba.

Kwa hiyo pima kwanza. Chagua Jumatatu yenye watu wengi na siku nyingine iliyotulia. Kila siku andaa vikaratasi 30, kimoja kwa mgonjwa mmoja, atembee nacho kuanzia mapokezi hadi dirisha la dawa. Kila mhudumu aandike saa mgonjwa alipoingia na alipotoka. Linganisha saa zote za ukutani asubuhi hiyo, maana zikipishana dakika saba hesabu yote imeharibika. Usivimalize vikaratasi kabla ya saa tatu, la sivyo utakuwa umepima msongamano wa asubuhi peke yake. Jioni panga hesabu: dakika za kuhudumiwa huku, za kungoja kule.

Mara nyingi pengo kubwa litaonekana maabara, na chanzo chake ni mazoea ya kulimbikiza sampuli. Ikiwa inatolewa sampuli moja kila dakika 4, na mhudumu anangoja zifike 10 ndipo azipeleke, ya kwanza imekaa dakika 36 kabla haijaguswa na mtu. Peleka mbili mbili au tatu tatu. Majibu nayo yasilundikwe. Yatoke kila yanapokamilika. Kipimo ambacho mashine yake inalazimu kupimwa kwa mkupuo kiache kilivyo, lakini cha haraka cha malaria au cha mkojo hakina sababu ya kusubiri wenzake.

Ndipo uingie kwenye S tano, hatua za kupanga mahali pa kazi zinazojulikana hospitalini kwetu: sasambua (ondoa visivyohitajika), seti (panga vinavyobaki), safisha, sanifisha (weka utaratibu mmoja), shikilia (dumisha). Wengi huanza na rangi na lebo za ukutani. Ni kosa, kwa sababu lebo juu ya droo iliyojaa takataka inazipa takataka makao. Anza na droo moja ya chumba cha sindano. Mwaga vyote mezani. Bomba za sindano zilizopita muda zitengwe na kuandikwa kwenye fomu ya vilivyoharibika, mikasi ya ziada irudi stoo, kalamu zilizokauka zitupwe. Kinachotumika kila saa kikae mkono unapofika bila kuinama. Muuguzi wa chumba hicho ndiye apange; akipangiwa na mganga mfawidhi, wiki ya pili droo imerudi ilivyokuwa.

Glavu zisiishe mchana: tumia masanduku mawili. Chumba kikitumia jozi 40 kwa siku na stoo ikichukua siku mbili kuleta, unahitaji jozi 80, ongeza 40 za tahadhari, jumla 120, yaani glavu 240. Boksi lina glavu 100, basi weka maboksi matatu katika kila sanduku. La mbele likiisha, kadi ya kuagizia glavu inakwenda stoo siku hiyo hiyo na mnaanza la nyuma. Mfumo huu huvunjika mtu anapochota la nyuma "kwa dharura" bila kupeleka kadi, kwa hiyo kadi ibandikwe juu ya boksi la kwanza la sanduku la nyuma, isiwezekane kulifungua bila kuishika.

Badilisha jambo moja kwa wiki mbili, kisha rudia vikaratasi 30 siku zile zile za wiki. Dakika za maabara zikipungua huku za dirisha la dawa zikipanda, foleni imehama tu. Wiki mbili zinazofuata hamieni dirishani.