Kubeba Kamera kwa Miguu Lamu: Uteuzi wa Vifaa na Usalama wa Mbebaji

Kwa mpigapicha anayekuja Lamu kubeba kamera huku akitembea, uamuzi wa kifaa huanzia njiani. Kabla hajafungua sanduku lolote, na apite mara tatu pale ambapo mwongozaji anataka kamera ipite: mara ya kwanza akitazama chini tu, mara ya pili akitazama juu na pembeni, na mara ya tatu kinyumenyume, polepole, mwenzake akiwa amemshika mshipi. Usita wa Mui, njia kuu ya mji, unaweza kuonekana mpana alfajiri, na ikifika saa nne ukawa umejaa mikokoteni, punda wa mchanga na watu wa sokoni, ilhali katika vichochoro vya mtaa wa Mkomani hata watu wawili wasio na mzigo hupishana kwa kugeuza mabega. Chini kuna mitaro, ngazi za mawe zilizolika na kinyesi cha punda, ambacho kikilowa huteleza kuliko sabuni. Juu kuna wikio, kile chumba kinachovuka njia kutoka nyumba hadi nyumba, na mahali pengine boriti zake ziko chini kiasi cha kumgonga mtu mrefu utosini. Mbebaji kamera huwa ametumbulia macho skrini iliyo chini ya kifua chake, kwa hiyo boriti hiyo hataiona mpaka imguse.

Njia ikishajulikana, vifaa vya kuituliza kamera isitikisike mbebaji anapotembea ni vya aina mbili. Aina ya kwanza ni Steadicam na vifaa vya jamii yake, ambayo Mmarekani Garrett Brown aliibuni katika miaka ya 1970: kizibao kinachofungwa kiwiliwilini, mkono wenye springi, na nguzo iliyobeba kamera juu na betri na skrini chini, ikishikwa karibu na kitovu cha uzito wake kwa kiungio kinachoiacha izunguke pande zote. Pamoja na kamera ya sinema na lenzi nzito, mzigo wote huweza kufika kilo 25 hadi 35. Aina ya pili ni gimbali ya mota, inayoshikwa kwa mikono na kubeba kamera ndogo, na yote kwa pamoja huwa na kilo 3 hadi 5.

Wengi huichukulia gimbali kuwa salama zaidi kwa sababu ni nyepesi. Hesabu hiyo ina kasoro, kwani kilo 4 zinazoshikiliwa mbele ya kifua kwa viwiko vilivyokunjwa huanza kutetemesha mikono baada ya dakika chache, hali kilo 20 zilizokaa sawasawa kwenye nyonga huvumilika kwa muda mrefu zaidi kwa mtu aliyefunzwa. Fadhila ya gimbali iko kwingine: punda akitokea ghafla kwenye kona, mwenye gimbali huivuta kifuani na kujibandika ukutani, lakini aliyevaa kizibao hana namna ya kujibandika, maana mkono na nguzo vinamtangulia kwa karibu mita nzima. Kwa hiyo mimi huchagua gimbali kwa vichochoro, na kizibao nakiacha kwa uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome, kwa njia ya pwani, na kwa nyua za nyumba kubwa. Mwongozaji anayeng'ang'ania kamera kubwa ndani ya kichochoro na aambiwe mapema, siku ya kukagua mahali, wala si asubuhi ya kazi.

Kizibao hufungwa kwa mpangilio. Mshipi wa nyonga ndio wa kwanza, ukazwe juu ya mifupa ya nyonga na si tumboni, kisha kifua, na mabega yawe ya mwisho. Ikiwa vidole haviwezi kupenya chini ya kanda za mabega, basi mabega ndiyo yanayobeba, na mgongo utalipa jioni. Mzigo ukishaning'inizwa, simama wima bila kushika chochote. Ukivutwa mbele au upande mmoja, rekebisha skrubu za kiungio cha mkono, usijipinde kuufuata uzito. Nguzo nayo ina kipimo chake: ilaze mlalo, iachie, uhesabu inachukua muda gani kupita wima. Sekunde 2 hadi 3 zinatosha kwa kazi nyingi. Ikishuka upesi zaidi ya hapo, upande wa chini una uzito mwingi na kamera itabembea kila unapoanza kutembea au kusimama.

Vizibao vingi vina kamba au kitanzi cha kufungua upesi. Jizoeze kukivuta ukiwa umefumba macho, kifaa kikiwa kimetunzwa na wenzako, na umfundishe msaidizi wako akivute pia.

Msaidizi huyo wa mgongoni ndiye kinga kubwa kuliko vifaa vyote, na ndiye ambaye watayarishaji wenye bajeti ndogo hutaka kumpa kazi ya pili. Usikubali. Asishike kioo cha taa, asibebe chaja, asiwe na simu mkononi. Mkono wake mmoja uwe kwenye mshipi wako na macho yake yawe kule unakoenda. Kabla ya kila mchukuo, yaani kila mara kamera inapowashwa kurekodi, mkubaliane lugha ya mkono: kusukuma kidogo ni ngazi, kuvuta kulia ni kona, kushika kwa nguvu ni kusimama. Neno la kusimamisha liwe moja, na yeyote aweze kulitamka. Niliwahi kurudi nyuma kutoka Mkunguni nikimfuata mwigizaji, na mtoto wa mtaa wa Langoni tuliyekuwa tumemwajiri alinikaza mshipi ghafla hata nikakasirika. Nilipogeuka, punda mwenye magunia mawili ya chokaa alikuwa amepita nilipokuwa niende, na gunia moja likakwaruza skrini. Picha iliharibika, kiuno hakikuharibika. Tangu siku hiyo huweka mtu kila mdomo wa kichochoro, nao wenye punda huombwa kwa adabu wasubiri, kwa kuwa njia ni yao.

Viatu viwe vya kufunga, vyenye soli ya mpira inayoshika, na kandambili zibaki hotelini. Baada ya kila mchukuo kifaa kirudi kwenye stendi yake iliyozuiwa kwa mifuko ya mchanga, hata kama mwongozaji anasema ni dakika moja tu. Mazoezi ya waigizaji yafanyike bila mzigo. Katika mwezi wa Ramadhani mbebaji aliyefunga apangiwe picha nzito asubuhi na mapema, kwani kuvaa kizibao saa tisa mchana bila tone la maji, katika jua la pwani, ni kutafuta kuanguka.

Kusi linapovuma, hasa ufuoni Shela, kifaa hugeuka tanga. Ondoa kivuli cha lenzi na kila kitu kipana, weka watu wawili wenye turubai upande wa upepo, na ujue kuwa mota za gimbali zikizidiwa hutetemeka kwanza, kisha huzima.

Majini kanuni ni moja: kizibao hakivaliwi chomboni. Mtu aliyefungwa kilo 25 mwilini akitumbukia haokolewi na uogeleaji wake. Kwenye mashua au jahazi, mkono wa springi hufungwa kwenye nguzo iliyokazwa imara katika chombo, mbebaji huvaa jaketi la kuokolea na kusimama bila kujifunga, na nahodha hutoa sauti kabla ya kugeuza tanga ili vichwa viepuke foromali, ule mti unaobeba tanga. Kwenye gati na ukingo wa pwani, ambako kizibao kinaweza kuvaliwa, msaidizi akae kati ya mbebaji na maji.

Jioni, chumvi ifutwe siku hiyohiyo kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji matamu, kisha kikavu, hasa kwenye beringi za kiungio na meno ya betri, yaani ncha zake za umeme. Kwa wanaoondokea uwanja wa ndege wa Manda, betri za akiba hubebwa mkononi zikiwa zimezibwa meno kwa utepe, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Zisizozidi wati-saa 100 hukubaliwa, za kati ya 100 na 160 zinahitaji idhini ya shirika la ndege na hazizidi mbili, na zilizo juu ya hapo haziruhusiwi katika ndege ya abiria, kwa hiyo zipitie Mokowe, gati la upande wa bara, kwa boti na barabara.