SOMO: Uyoga wa jeli unaoota mitini, soma kabla ya kutuma picha

Swali ni lile lile kila mara: "Huu ni uyoga sikio? Unalika?" Na picha imepigwa kwa juu tu. Fuateni hatua hizi.

1. Andika jina la mti, na kama ni mbichi au umekufa.

2. Geuza, piga picha pande zote mbili. Auricularia, yaani uyoga sikio, ina vinyweleo mgongoni na upande wa ndani hauna. Ukiukunja hunyumbuka; vikombe vya Peziza, uyoga mwingine unaofanana nao, huvunjika.

3. Ukiwa umekauka, uloweke dakika 20 urudi umbo lake.

4. Ukiwa mweusi, simama hapa. Hatua hii nimewahi kuikosea. Uyoga wa aina mbili, Exidia glandulosa na Bulgaria inquinans, huota kwenye magogo ya aina moja, kama ya mwaloni, na zote ni vifungo vyeusi vyenye utelezi. Pangusa upande wa juu kwa kidole: Bulgaria huacha weusi, kwa sababu hutoa mbegu (spora) nyingi nyeusi, Exidia haiachi. Kosa ni kupima mara tu baada ya mvua, mbegu zikiwa zimeoshwa, kidole kikatoka safi. Kwa hiyo ulaze juu ya kioo, uso ukiangalia chini, ufunike kwa bakuli hadi asubuhi. Vumbi jeusi? Tupa. Halikuonekana kitu? Hujathibitisha lolote, rudia na mwingine.

5. Usionje mbichi.

Swali: Nimeuona wa njano, nile?
Jibu: Mti gani? Hatua ya 1.

Swali: Samahani, ni msonobari, na pale uliposhikia gogo ni peupe.
Jibu: Sasa tunaongea. Hiyo inaelekea Dacrymyces chrysospermus, jeli ya njano ya misonobari. Jeli nyingine ya njano, Tremella mesenterica, hukaa kwenye miti ya majani mapana, maana haili mti: hula kuvu nyingine, Peniophora, iliyomo ndani ya gogo.

Swali: Kwani zote si ukoo mmoja, zikiwa jeli?
Jibu: Swali zuri sana. Jeli ni umbo tu. Chukua hadubini utazame basidia, seli zinazobeba mbegu. Za Auricularia zimegawanywa na kuta za kukingama; za Tremella, kuta za wima; za Dacrymyces zina panda kama manati. Ndiyo maana kila moja ina oda yake, yaani kundi la koo: Auriculariales, Tremellales, Dacrymycetales. Bulgaria haina basidia kabisa. Ni Ascomycota, faila nyingine, yaani kundi kuu tofauti kabisa la kuvu.

Swali: Mimi huloweka sikio kavu usiku kucha, lilainike.
Jibu: Acha. Dakika 20 hadi 30 za maji vuguvugu zinatosha. Likikaa muda mrefu kwenye joto, bakteria Burkholderia gladioli wanaweza kutoa sumu iitwayo asidi ya bongkreki, na kuchemsha hakuiondoi. Lililobaki weka kwenye friji, ulipike siku hiyo hiyo.

Swali: Natumia dawa za kuzuia damu kuganda.
Jibu: Muulize daktari wako kwanza. Uyoga sikio hupunguza kushikamana kwa chembe sahani, zile zinazogandisha damu.